Salamu ya Mshika Fimbo

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa kuchelewa kama kawaida yako, kwanza umalize kutafuna ulichonacho mdomoni, halafu ndiyo useme marahaba kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Haya, marahaba yako nimeipokea, tuendelee.

Nakuandikia kwa sababu nina ujumbe wako. Ni wa Mzee Kasiani, mtani wako. Alinipa mimi nikuletee, nikiwa darasa la sita, na mimi nikaukalia. Miaka zaidi ya arobaini nimeukalia. Wewe umeshakufa, Kasiani alikutangulia, bibi naye kakufuata, ujumbe bado ninao. Na sasa kuna mtu anauulizia. Kesho Jumapili natakiwa nikamjibu, na jibu sina. Ndiyo maana mchana huu nimefunika cherehani, wateja wanapiga hodi nimewanyamazia, nimekaa na daftari la Neema alilolibakiza nusu, naongea na wewe.

Neema humjui. Ni kitukuu chako, kitinda mimba wangu, alizaliwa wewe umeshalala miaka mingi pale Lupiro. Kamaliza kidato cha sita mwaka huu, na jina lake likatoka kwenye orodha ya vijana wa kwenda kambini, jeshini. Wenzake wamepangiwa huko na huko, wengine mbali kabisa, yeye kapangiwa Chita, hapa hapa bondeni kwetu. Alifurahi huyo mtoto, utadhani kaitwa harusini. Mimi nikakaa chini. Nilikuwa nimeshika futi kamba nimpime suruali ya mazoezi, na nilipoizungusha kiunoni mwake nikakumbuka kwamba nyumbani kwako kupimwa hakukuwa jambo la kuchekea. Nikamwambia simama vizuri. Halafu nikajikuta namwambia, hapana, inama kidogo. Akanitazama, akasema, "Mama, unazeeka."

Siku ya kuondoka tukampeleka stesheni. Nani namwona anakuja, anachechemea, kabeba hotipoti ya vitumbua? Dada Anjela, binti yake Kasiani, aliyeolewa Idete. Katoka kwake asubuhi na mapema kwa bodaboda, na miguu yake ile, kuja kumuaga mtoto wa watani zake. Nikampa shikamoo yake. Hakuiitikia kwanza, alikuwa na kazi ya kufanya. Akamshika Neema bega, akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma, watu wote wa stesheni wakasikia: "Huyu mnampeleka wapi? Mfupi huyu. Watamrudisha kabla treni haijapoa."

Watu walicheka. Neema alicheka kuliko wote. Mimi na Anjela tukatazamana, maana ule utani, babu, kati ya ukoo wetu na ukoo wao haukuwa ukitumika. Unajua mwenyewe. Mlitaniana kuhusu pua, kuhusu wake, kuhusu nani mvivu wa kupalilia. Kuhusu urefu, hapana.

Treni ilipoondoka akanivuta mkono, tukasimama pembeni ya magunia ya mchele. Hakuwa na uso wa utani tena. Akasema, "Mama Neema, nataka nikuulize, na usinizungushe. Baba kabla hajafa aliniambia lile la boma. Akasema alikutuma kwa mzee Longino ukiwa mtoto. Ulifikisha?"

Nilitazama reli. Nikasema, "Dada, nitakuja Idete Jumapili, tukae."

"Njoo," akasema. "Mimi nina miaka sabini na kitu, na sukari ninayo. Ninyi mkifa natakiwa nije nicheze kwenye msiba wenu, niwatukane, nikalie kaburi. Nitachezaje msiba wa watu ambao baba yangu aliwakosea, na sijui kama yaliisha? Miaka yote hii nawatania nusu mdomo. Nimechoka."

Basi hilo ndilo lililonileta. Unalijua la boma, ulikuwepo. Lakini acha nilirudie kama ulivyokuwa ukilisimulia wewe, maana kuna kitu nakitafuta humo ndani.

Uliniambia mara nyingi, pale kwenye mlango wa nyumba yako ya udongo. Ule mwimo wa kushoto, uliochanjwa kwa kisu kila mwaka tulipomaliza kuvuna mpunga. Alama moja kwa kila mjukuu. Na juu ya zote kulikuwa na ile moja ndefu, umeichimba hasa, tukaiita alama ya Kingi. Ulikuwa unasema, "Ukifika hapo, Kingi anakutaka." Ukatufundisha kusimama. Magoti unayalegeza kidogo ndani ya nguo, mabega unayaangusha, shingo unaikalisha. Mimi nilikuwa mrefu, nilifika kwenye alama nikiwa na miaka kumi na miwili, na wewe ukaniweka mkono kichwani ukanishindilia chini kama mtu anayefunga gunia. Bibi akasema kutoka jikoni, "Unamharibu mtoto mgongo." Ukamjibu, "Ninamwokoa mke wangu, wewe una wivu." Mke mwenzangu yule alikuwa na wivu kweli, Mungu amrehemu, alininyima ukoko siku hiyo.

Uliniambia kwamba nchi hii aliichukua Mjerumani kwa bunduki, akaja kunyang'anywa, na Mwingereza akairithi kama mtu anavyorithi mke wa marehemu, mke mwenyewe hakuulizwa. Kwa hiyo Kingi wa Waingereza alipopata vita yake huko mbali, akatuma kwa kila jumbe: lete watu kadhaa. Jumbe hakuleta watoto wake. Alikaa na wazee wake wakachagua. Walichagua wageni waliohamia juzi, wasio na ndugu wa kuwasemea. Wakachagua waliokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jumbe. Wakachagua watoto wa wajane. Wewe ulikuwa mtoto wa mjane, tena wa pekee. Hamkufungwa kamba. Mliambiwa tu kwamba atakayekimbia, mama yake atalala boma mpaka arudi.

Mkapanda mlima kwenda boma la Mahenge kwa miguu, na kule mkavuliwa mashati mkapangwa mstari. Kwanza daktari, kugonga vifua na kutazama meno. Halafu karani akauliza kabila, maana walikuwa na kitabu chao kinachosema kabila hili ni la vita na lile ni la mizigo. Ulinisimulia wale ndugu wawili, mama mmoja. Mmoja alijiita Mndamba, mtu wa mtoni, akaandikwa mizigo. Mwenzake akajiita Mbena kwa upande wa baba, akaandikwa bunduki. Wakaachana palepale. Hapo ulikuwa unacheka mwenyewe, halafu unaacha.

Mwisho ilikuwa fimbo. Fimbo yenye alama, imesimamishwa ardhini, unapita unasimama kando yake. Mzungu anachora kwa chaki kifuani. Mstari mmoja, bunduki. Mistari miwili, kwenda kuchimba barabara na kubeba. Duara, rudi kwenu, hufai. Na aliyekuwa ameshika fimbo ni Kasiani, mtani wako, tarishi wa jumbe, kijana wa rika lako, mrefu mpaka watu wakimuuliza huko juu kuna hali gani.

Wewe ulikuwa wa mwisho mstarini. Ukasimama. Ukapungua kidole kimoja. Mzungu akachora duara.

Hapo babu ulikuwa unachukua ugoro wako, na sisi tunangoja. Halafu unasema: mzungu akahesabu watu kwenye karatasi. Akahesabu tena. Akainua macho, akamtazama mshika fimbo kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyesimama mnadani mbele ya ng'ombe. Ndipo Kasiani akacheka akasema, "Bwana, huyo mtani wangu anajikunja. Akiona ugali anarefuka."

Utani mtupu. Mswahili yeyote angecheka. Lakini yule mzungu Kiswahili chake alikitoa kitabuni, na utani kitabu chake hakikuwa nao. Alisikia kwamba mtu anajikunja akwepe jeshi, na aliyetoa ushahidi ni mtu wa serikali. Askari wawili wakakushika magoti, wakakunyoosha, ukabaki vilevile, kidole kimoja pungufu. Mzungu akasema huyu fundi wa kujificha. Akafuta duara kwa kiganja chake, akachora mstari mmoja.

Ukaenda Bama, huko ng'ambo kwenye vita ya Kingi. Ukarudi na koti zito, kikombe cha bati, na hadithi za ruba wanene kama vidole. Hiyo Bama ulitusimulia kwa kuchekesha, unatuigizia namna ya kuchomoa ruba sehemu zisizotajika. Lile la kurudi hukunisimulia wewe, alinisimulia bibi. Kwamba ulifika mtoni, na mpiga kafi akiwa anakuvusha akakuambia, "Pole na mama." Ukamwambia, kaka, umenifananisha. Akaacha kupiga kafi. Mtumbwi ukawa unakwenda na maji.

Mama yako alikufa mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka. Aliyemlimia shamba lake miaka yote miwili ni Kasiani. Aliyemchimbia kaburi ni Kasiani. Ulilikuta limezungushiwa uzio wa matete, mabichi, ya mwaka huohuo. Ukakaa hapo mpaka jua likainama. Halafu ukainuka, ukaenda kwa Kasiani, hukupiga hodi, ukapitia uani, ukakamata jogoo. Mkewe akapiga kelele kwamba jogoo wao anachukuliwa. Kasiani akatoka, akakuona umesimama na koti lako na jogoo kwapani, akamwambia mkewe, "Mwache." Ukaondoka naye. Watu wakasema, haya, Longino kasamehe, mtani hachukiwi, ulikuwa utani tu. Tangu siku hiyo mkaanza kutaniana upya, na mimi nimezaliwa nimewakuta hivyo.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ulinituma kwa Kasiani na bakuli la kambale. Nilimkuta peke yake, anasuka mgono wa kutegea samaki, miguu yake mirefu kaikunja kama panzi. Nikampa shikamoo, nikampa bakuli, nikageuka. Akaniita. Akasema, "Kaa, bibi mdogo." Nikakaa. Alisuka kidogo, akaacha. Akasema hivi, na nimeyashika neno kwa neno, kwa hiyo sikiliza:

"Mwambie mumeo hivi. Siku ile ya boma sikumtania. Jumbe aliniambia asubuhi, hesabu ikipungua mmoja, utajazia wewe. Ikapungua mmoja. Yule bwana akanitazama. Niliogopa. Maneno ya utani yalikuwa karibu nikayachukua. Mwambie mimi nimekula maisha yake na ya mama yake, na yeye amenichukulia jogoo mmoja."

Halafu akasema, "Nenda sasa, kabla sijaona aibu mbele ya mtoto."

Nilikwenda. Kutoka kwake mpaka kwako ni mashamba matatu ya mpunga na kichaka kimoja, na mimi nilitembea kama ninakwenda Mahenge. Nilikuwa na miaka kumi na miwili lakini sikuwa mjinga. Nilijua kwamba wewe umeishi kwa kusema ulikuwa utani. Nikikuambia haukuwa utani, utabaki na nini? Mama yako kafa hivi hivi, na aliyesababisha kila Jumapili anakaa karibu nawe kanisani, anakukanyaga mguu kwa makusudi ukipiga magoti. Niliona nikifungua mdomo, ninawapoteza wote wawili. Nilimpenda Kasiani, babu. Alikuwa ananibeba mabegani kuvuka maji ya masika, nikawa naona bonde lote.

Ulikuwa umekaa mlangoni. Ukaniuliza, "Mtani kasemaje?"

Nikasema, "Kasema samaki wako wafupi kama wewe."

Sijui kwa nini nilichukua hilo. Katika utani wote wa dunia nikaokota ule mmoja. Ulinitazama muda mrefu. Macho yako, yale mekundu ya moshi wa sigara kali, sijawahi kuyasahau. Ukasema taratibu, "Kasiani hakusema hivyo." Mimi nikatazama vidole vya miguu. Halafu ukanivuta, ukanikalisha karibu, ukaniwekea kipande cha muhogo mkononi, ukasema, "Haya. Ukikua utaniambia."

Nikakua, na sikukuambia. Nilijaribu, wallahi babu, na mimi Mkristo naapa kwa kiapo cha maduka ya mjini. Nilijaribu nilipomaliza la saba. Nilijaribu hata baadaye sana, siku nilipokuletea mchumba, ukamuuliza mbele ya watu kama ana uhakika anataka mwanamke mwenye mume. Kila nikifungua mdomo nakuona unacheka, naufunga. Na kwa Kasiani nilikuwa napita njia ya mbali. Aliniuliza mara moja tu, kwa macho, pale kisimani. Nikainamisha ndoo.

Halafu akafa. Nilikuwa naanza kujifunza kushona. Unakumbuka jeneza lake, fundi alilazimika kuongeza mbao miguuni, jeneza refu kuliko yote yaliyowahi kuonekana Lupiro. Mimi nilikuwa nyuma, nalia, wanawake wananibembeleza wakidhani nalia msiba. Nilikuwa nalilia ujumbe, maana sasa hata ningeufikisha, jibu lingerudi kwa nani?

Anjela hakuona yaliyofuata. Alikuwa ameishiwa nguvu, wamemlaza ndani, wanampepea. Kwa hiyo nayaandika kwa uangalifu.

Ulikuja umevaa koti la Bama, na jua lile. Mkononi ule mti wako wa kupigia mpunga. Watu wakaanza kucheka kabla hujafungua mdomo, mtani kaingia. Jeneza lilikuwa limewekwa ukingoni, katekista kafungua kitabu. Akasema, "Mzee Longino, muda unakwenda."

Ukamwambia, "Subiri, katekista, zamu yako ya kupimwa bado."

Ukausimamisha mti kando ya jeneza, ukaulaza, ukapima kutoka kichwani mpaka miguuni. Jeneza limeuzidi ule mti kwa mbali. Ukapima tena. Ukatingisha kichwa kama mzungu. Ukatoa chaki mfukoni, sijui uliitoa shule gani, ukachora duara juu ya kifuniko, kubwa, polepole. Ukasema kwa sauti ya amri, "Mfupi huyu. Hafai. Mrudisheni kwao." Watu wakaanguka kwa kicheko, na wengine wanalia hapohapo. Ukainama, kiganja chako kikabaki juu ya ule mduara, na ukasema jambo lingine. Hukulisema kwa watu. Mimi nilikuwa nimesogea karibu, nikalisikia.

Ulisema, "Nitakwenda mimi tena."

Nililisikia, babu, na halikuingia. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nimejaa hatia mpaka hapa. Nililichukua kama neno la mzee anayeaga rafiki. Miaka yote nimekuwa nikilikumbuka lile duara na kile kicheko, na kuhusu hilo neno la mwisho sikujisumbua. Ni leo, kwenye hili daftari, baada ya kuandika ile habari ya mzungu kuinua macho na kumtazama mshika fimbo, ndipo nimeacha kalamu, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Wewe ndiye uliyekuwa unatusimulia yale macho. Kila mara. Hukuwahi kuyaruka. Kama ulikuwa utani tu, macho ya mzungu yalikuwa na kazi gani kwenye hadithi?

Ulijua. Tangu siku ileile, umesimama pale na duara lako kifuani, uliona anachokiona Kasiani. Uliondoka kwenda Bama unajua umekwenda badala ya nani. Na ulikaa kaburini kwa mama yako mpaka jua likainama ukiwa unajua. Ndipo ukaenda kukamata jogoo.

Na mimi nikajifanya ninakulinda. Mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ninamlinda mtu aliyetoka Bama. Ulinicheka sana moyoni, sema ukweli. Lakini nina hasira na wewe kidogo, na nitaisema, maana mke hafichi. Ungeniambia. Uliona nimebeba, ukaniacha nibebe, unanipa muhogo. Na Kasiani naye, ungemwambia kwamba unajua, asingekufa na lile donge. Au ulimwambia, kwa yale matete ya kaburi la mama yako uliyokuwa ukienda kuyabadilisha naye kila mwaka mkiwa wawili tu, na sisi tukakatazwa kufuata? Sijui. Hapo umenifunga mlango, na nina imani ulikuwa na sababu zako. Hata hivyo nimekasirika. Itapita nikila.

Basi ujumbe wako umefika, umechelewa lakini haujapungua neno: Kasiani anasema hakukutania, aliogopa. Nimekua, babu. Nimekuambia.

Mambo mengine ni mazuri. Siku hizi mto tunavuka kwa daraja, pantoni imebaki hadithi. Nyumba yako ilianguka masika moja, lakini ule mwimo niliuokota, uko hapa ukutani nyuma ya cherehani, wateja wananiuliza ni wa nini. Neema alipiga simu jana usiku kwa simu ya mwenzake. Miguu imeota malengelenge, ugali ni mwingi, wanaimba mpaka sauti zimewakauka. Nikamuuliza, "Walikupima?" Akasema ndiyo, kila mtu kapimwa, kwa ajili ya sare. Nikamuuliza kama aliinama. Akasema, "Mama, nilisimama sana." Nimekaa nalo hilo, sijui nilifurahi au niliogopa. Nadhani vyote.

Mpe bibi salamu, mwambie ule ukoko bado naudai. Msogelee Kasiani, mkanyage mguu kwa niaba yangu. Lala kwa upande wako uleule, usimnyang'anye mke mwenzangu blanketi.

Kesho baada ya misa ya kwanza nakwenda Idete. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Anjela, nimeyaandika pembeni ya ukurasa huu na kuyakata. Nitamwambia tu ulivyosema pale kwenye jeneza. Lakini kabla ya hapo sitapiga hodi. Nitapitia uani, na jogoo wa kwanza nitakayemkuta, namkamata.

Mimi mkeo mdogo,
yule mrefu, wa Ifakara.